Grafiksi ya ndani au kadi ya pembeni: ulinganisho kwa anayenunua kompyuta Dar

"Hii ina grafiksi?"

Swali hilo nalisikia karibu kila wiki, Kariakoo ninapofuata vifaa na hata mezani kwangu Sinza ninapotengenezea kompyuta. Muuzaji hujibu upesi, "Ipo bosi, GB 4," mteja anatabasamu, na mashine inaingia kwenye boksi. Swali lenyewe limekaa upande. Kompyuta yoyote inayoonyesha picha kwenye skrini ina grafiksi, yaani sehemu inayochora picha hiyo. Cha kuuliza ni mahali ilipo: imo ndani ya prosesa, au imekaa kwenye kadi yake yenye feni yake? Na kumbukumbu inayoitumia ni yake mwenyewe, au inachota kwenye RAM yako, kumbukumbu ya muda ya kompyuta nzima?

Nasema msimamo wangu mapema ili usome ukijua ninakokwenda. Kwa wanunuzi wengi wa hapa mjini, pesa ya kadi ingefanya kazi kubwa zaidi kama ingenunua kipande cha pili cha RAM na SSD, ile diski ya kasi. Wapo ambao bila kadi watapoteza muda na wateja, nao nitawataja kwa kazi zao. Lipo pia kundi la tatu, na ndilo linaloniuma zaidi: watu wanaonunua kadi nzuri kisha wanaikosa grafiksi ya ndani bila kujua kwamba walikuwa wanaihitaji.

Ilivyoingia ndani ya prosesa

Zamani kila kazi ndani ya kompyuta ilikuwa na chipu yake. Hata hesabu za desimali zilikuwa na chipu ya pembeni: mwenye prosesa ya Intel 386 aliyetaka hesabu za kasi alinunua 387 na kuichomeka kando. Mwaka 1989 ikaja 486 na kuimeza chipu hiyo. Mwaka 2003 AMD ikaingiza kidhibiti cha kumbukumbu ndani ya Athlon 64, na Intel ikafanya hivyo mwaka 2008. Grafiksi ilikuwa inasubiri zamu yake.

Wakati huo grafiksi ya bei nafuu ilikaa kwenye mazabodi, ubao mkuu wa kompyuta, ndani ya chipu ya katikati iliyounganisha prosesa na RAM. Intel 810 ya mwaka 1999 ni mfano mmoja. Mwaka huohuo Nvidia ilitoa GeForce 256, na anayetaka picha nzito alijua lazima anunue kadi. Grafiksi hizo za mazabodi ndizo zilizoliharibu jina la "grafiksi ya ndani" hadi leo, kwa sababu kweli zilikuwa dhaifu.

Mwaka 2006 AMD ilinunua kampuni ya ATI kwa takribani dola bilioni 5.4 ikiwa na nia ya kuunganisha prosesa na grafiksi. Januari 2010 Intel ikatoa prosesa zenye vipande viwili chini ya kifuniko kimoja, kimoja cha prosesa na kingine cha grafiksi. Januari 2011, kwa prosesa zake za Sandy Bridge, vyote viwili vikawa kipande kimoja cha silikoni, na mwezi huohuo AMD ikatoa APU zake za kwanza, yaani prosesa zenye grafiksi ndani. Mwaka 2020 Apple ikaja na M1, ambamo prosesa na grafiksi vinatumia bwawa moja la kumbukumbu.

Nimeeleza historia hii kwa sababu moja ya kibiashara. Laptopu ya mtumba ya mwaka 2008 na ya mwaka 2021 zote zitaitwa "za grafiksi ya ndani" pale kaunta, ilhali kati yao kuna umbali mkubwa kuliko ulio kati ya grafiksi nzuri ya ndani na kadi ndogo.

Tofauti kubwa iko kwenye barabara

Fikiria Barabara ya Morogoro saa 12 jioni. Mwendokasi ina njia yake katikati. Daladala, bajaji, malori na bodaboda vinagombania njia za pembeni. Injini ya daladala inaweza kuwa nzima kabisa, lakini gari litasimama kwa sababu njia si yake peke yake.

Kadi ya pembeni ni mwendokasi. Ina kumbukumbu yake iliyosongamana kuizunguka chipu, na njia isiyoguswa na mwingine. Grafiksi ya ndani inapita njia moja na prosesa, kwenye RAM ileile inayobeba Windows, kivinjari chenye vichupo 20, na Excel yako.

Namba zinaeleza vizuri. RAM moja ya aina ya DDR4 ya kasi 2666 inasafirisha takribani GB 21 kwa sekunde. Ukiweka mbili zinazofanya kazi kwa pamoja, unafika GB 42 na ushee. Kadi ya GTX 1650, ambayo ni ya daraja la chini kwa viwango vya leo, ina GB 128 kwa sekunde peke yake. RTX 3060 ya GB 12 ina 360. Hapo utaona kwa nini hata grafiksi ya ndani iliyotengenezwa kwa ustadi inaishiwa pumzi kwenye picha nzito: hailetewi data kwa kasi inayoweza kuitafuna.

Utaona pia kosa ninalolikuta kwenye mashine nyingi zinazouzwa mjini. Mtu ana laptopu yenye GB 8, lakini ni kipande kimoja cha RAM, na sloti ya pili ipo wazi. Amekatiwa nusu ya barabara. Kwa grafiksi ya Iris Xe, iliyoanza na prosesa za Intel za kizazi cha 11 mwishoni mwa 2020, jambo hili linaonekana kwa macho: ikiwa na RAM moja tu, Windows inaiita "UHD Graphics", ukiongeza ya pili, jina linabadilika na kuwa "Iris Xe". Silikoni ni ileile. Nimeshamwekea dada mmoja RAM ya pili akadhani nimembadilishia mashine.

Kuna gharama nyingine isiyosemwa. Kwa kuwa grafiksi ya ndani inachota kwenye RAM yako, GB 4 za leo hazitoshi kabisa, na GB 8 ni za kubana. Windows inaweza kuiachia grafiksi hadi nusu ya RAM pale inapohitaji. Anayechagua njia ya ndani aweke GB 16, vipande viwili vya 8. Asipofanya hivyo, analinganisha kadi na kitu ambacho hakijapewa nafasi ya kufanya kazi.

Mashine tatu mezani

Nichukue mfano wa mashine tatu ninazozijua vizuri, kwa sababu wateja wangu wengi huishia kwenye mojawapo.

Ya kwanza ni deskitopu ya ofisi ya mtumba, zile Dell OptiPlex au HP EliteDesk za umbo jembamba, yenye Core i5-8500 na grafiksi ya UHD 630. Prosesa ina viini 6, na kizazi cha 8 ndicho Windows 11 inakoanzia kwa Intel, jambo la maana tangu Windows 10 iachwe na Microsoft Oktoba 2025. Kwa kuandika, hesabu, intaneti, video za YouTube, mfumo wa mauzo dukani, hii inatosha na chenji inabaki.

Ya pili ni hiyohiyo, ikiwa imeongezwa GTX 1650 fupi. Nasema fupi kwa sababu kwenye boksi jembamba kadi ya kawaida haiingii, na pawa saplai zake ni za wati 180 hadi 255 tu, za umbo la kampuni yenyewe, huwezi kubadilisha kirahisi. GTX 1650 inakula wati 75, ambazo sloti ya mazabodi inaweza kuzitoa bila waya wa ziada, mradi usiuziwe toleo lenye tundu la waya. Hapo ndipo dari la boksi hilo lilipo. Ukitaka kadi kubwa zaidi, boksi na pawa saplai vyote vinabadilika, na hiyo tayari ni kompyuta nyingine.

Ya tatu ni ya kuunga mwenyewe kwa Ryzen 5 5600G. Herufi G kwenye prosesa za AMD za kizazi hicho maana yake ina grafiksi ya ndani, na hii ni grafiksi ya kueleweka: inasimama bega kwa bega na kadi ya GT 1030, mara nyingine inaipita. GTX 1650 bado inaiacha mbali. Uzuri wake ni kwamba siku ukipata pesa, unachomeka kadi kubwa na grafiksi ya ndani inabaki kama akiba.

Kati ya hizo tatu, mimi namshauri mwanafunzi au kijana anayeanza kazi za picha achukue ya tatu kama mfuko unaruhusu, na ya kwanza kama hauruhusu. Ya pili naipendekeza kwa mtu ambaye tayari ana deskitopu hiyo nyumbani.

Kwa laptopu, jihadhari na kadi ndogo. Laptopu nyingi za mtumba zinanadiwa kwa MX130 au MX250 kana kwamba ni jambo kubwa. Iris Xe yenye RAM mbili inakaribia au inaipita MX250, bila chipu ya pili ya kupasha joto. Katika laptopu nyingi kadi imechomelewa kwenye mazabodi. Ikifa, huichomoi kama ya deskitopu. Nimewahi kuwarudishia watu laptopu ikiwa haitengenezeki kwa sababu ya chipu moja ya grafiksi, na si habari nzuri kumpa mama aliyejibana miezi 6 kumnunulia mwanawe.

Kazi yako ndiyo inayoamua

Steshenari, ofisi, duka, shule: grafiksi ya ndani, tena hata zile kompyuta ndogo za kiganja zinazotumia adapta ya laptopu. Sina la kuongeza hapo. Mama mwenye steshenari Mabibo aliyeniomba "kadi ya kuprinti haraka" nilimwonyesha kwamba printa yake haijui kama kadi ipo.

Wanaochora majengo wapo katikati. AutoCAD ya ramani bapa, Revit na ArchiCAD hutegemea sana kasi ya kiini kimoja cha prosesa na wingi wa RAM, na grafiksi ya ndani ya kisasa inavumilia miradi ya darasani. Mambo hubadilika pale mwanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi anapofika hatua ya kurenda, yaani kugeuza mchoro kuwa picha kamili, kwa Lumion, kwa sababu programu hiyo haitambui grafiksi ya ndani kama inayofaa, inataka kadi. Kurenda kwa Cycles ndani ya programu ya Blender kunaweza kufanywa na prosesa, ila utalala, utaamka, na bado picha inajijaza. Mwanafunzi wa aina hiyo asidanganywe na mtu yeyote, hata na mimi: anahitaji kadi, yenye angalau GB 6, na ni afadhali iwe deskitopu kuliko laptopu ya bei ileile.

Gemu nazipita haraka. Michezo ya mpira ya miaka ya 2016 na 2017 ambayo vijana bado wanaipenda inacheza vizuri kwenye grafiksi ya ndani ukishusha ubora kidogo. Michezo mizito ya miaka hii haitacheza, na hakuna mpangilio utakaoiokoa.

Wanaosomea akili unde pale Kijitonyama kwenye tawi la TEHAMA la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam huniuliza kuhusu CUDA, mfumo wa kufanyia hesabu nzito kwenye kadi. CUDA ni ya kadi za Nvidia tu, kwa hiyo grafiksi ya ndani imetoka. Lakini kabla ya kununua kadi ya GB 4 ambayo modeli nyingi za akili unde za leo hazitoshei humo, waanze na kompyuta za kukodi mtandaoni. Google Colab huwa inatoa kadi bure kwa vipindi. Pesa itunzwe hadi mtu ajue anahitaji GB ngapi.

Video za harusi, na herufi F

Hapa naomba usome polepole, maana hapa ndipo pesa nyingi zinapotea mjini.

Mpiga video mmoja wa Tabata alikuja kwangu na mashine mpya iliyoungwa kwa Core i5-12400F na RTX 3060. Pesa aliyotoa ni ya harusi kadhaa. Akaniambia, "Fundi, kadi ya pesa yote hii, mbona video inakwamakwama?" Nilipofungua mafaili yake nikaona jibu. Kamera yake, kama nyingi za kisasa za Sony na Canon, inarekodi kwa muundo wa HEVC wa biti 10 wenye rangi za 4:2:2, yaani unaohifadhi taarifa nyingi zaidi za rangi. Ni muundo mzuri sana kwa kusahihisha rangi za ukumbi wenye taa za zambarau, lakini ni mgumu kuufungua. Ili video ipite laini kwenye programu ya kuediti, lazima chipu iwe na sehemu maalumu iliyochongwa kufungua muundo huo.

Sehemu hiyo imo ndani ya grafiksi za ndani za Intel kuanzia kizazi cha 11. Inaitwa Quick Sync, na Intel imekuwa nayo kwa miundo mepesi tangu Sandy Bridge. Kadi za GeForce hazikuwa na uwezo wa kufungua 4:2:2 hadi zilipotoka RTX 50 mwaka 2025. Kwa hiyo RTX 3060 yake, pamoja na ukubwa wake wote, ilikuwa inamwachia prosesa kazi nzima ya kufungua video.

Na prosesa yake je? Herufi F mwishoni mwa jina la prosesa ya Intel maana yake grafiksi ya ndani imezimwa kiwandani. i5-12400 na i5-12400F ni ndugu wa tumbo moja. Tofauti yao ni hiyo tu, na bei kidogo. Aliyemuungia mashine aliona, kwa nia njema kabisa, kwamba mwenye kadi hana haja ya grafiksi ya ndani, akaokoa pesa kidogo. Tukaiuza F, tukaweka isiyo na F kwenye sloti ileile, tukawasha grafiksi ya ndani kwenye BIOS, mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka, ifanye kazi pamoja na kadi. Video ikapita. RTX 3060 ikaendelea na kazi yake ya rangi na efekti, na Quick Sync ikafanya kazi ya kufungua mafaili ndani ya Premiere, programu yake ya kuediti.

Ndiyo maana napingana na wanaouliza swali hili kama mechi ya watani, Simba au Yanga. Kwenye kazi ya video, mashine bora ina vyote viwili. Na asiye na pesa ya vyote viwili, akiwa anarekodi muundo huo, aanze na Intel ya kizazi cha 12 yenye grafiksi ya ndani na GB 32 za RAM, kadi ije baadaye. Asiye na hata hiyo atengeneze nakala nyepesi za video, zile proksi, aediti kwa hizo.

Kuna sababu nyingine ya kuikwepa F hapa kwetu. Kadi ikiungua, na umeme ukirudi kwa kishindo baada ya kukatika huweza kuiunguza, mwenye grafiksi ya ndani anachomoa kadi, anahamisha waya wa skrini, na kazi ya mteja inaendelea jioni hiyo. Mwenye F anakaa gizani mpaka apate kadi nyingine. Nimeletewa pia mashine mpya "mbovu isiyotoa picha", na baada ya kuifungua nikakuta prosesa ya F bila kadi yoyote. Haikuwa mbovu. Haikuwa na kitu cha kutoa picha.

LUKU, joto na chumvi

Umeme watu huusahau hadi mwisho wa mwezi. GTX 1650 ya wati 75, ikifanya kazi kwa nguvu zote saa 8 kwa siku 26, inakula uniti 15.6. RTX 3060 ya wati 170 kwa muda huohuo inakula uniti 35. Kwa mteja wa nyumbani wa daraja la kawaida anayelipa shilingi 350 na ushee kwa uniti, hiyo ya pili ni zaidi ya shilingi 12,000 kila mwezi kwa kadi peke yake. Ni kweli kadi haifanyi kazi kwa nguvu zote muda wote. Ikiwa imetulia inakula kidogo. Lakini kijana aliyepanga chumba kwenye nyumba iliyo daraja la matumizi madogo, lenye ukomo wa uniti 75 kwa mwezi, anayerenda kila usiku, anakaribia kula nusu ya ukomo huo peke yake. Wapangaji wenzake watamjua.

UPS nayo inaingia hapo. Zile za 650VA zinazouzwa kwa wingi zinakupa dakika za kutosha kuhifadhi kazi na kuzima deskitopu ya grafiksi ya ndani bila haraka. Ukiiwekea mashine yenye kadi kubwa katikati ya kurenda, itapiga kelele na kuzima kabla hujafika kwenye kitufe.

Joto la Desemba hadi Machi linafahamika. Chumba kisicho na kiyoyozi kina nyuzi 32 kabla hata kompyuta haijawashwa. Prosesa na kadi zikikaribia nyuzi 100 zinajipunguza kasi zenyewe ili zisiungue, kwa hiyo laptopu yenye chipu mbili za moto zinazogawana bomba moja la shaba inaweza kuwa na kasi dukani kwenye AC na kuchoka nyumbani Manzese. Kwa walio karibu na bahari, Kigamboni, Msasani, Mbezi Beach, nimeona mapezi ya shaba na aluminiamu yakishikwa na kutu ya chumvi na vumbi kugandana humo kama udongo. Kila feni ya ziada ni sehemu ya ziada ya kusafisha. Grafiksi ya ndani haina feni yake. Inatumia ile ya prosesa.

Mitego ya kadi za mtumba

Ukishaamua kwamba unahitaji kadi, usikubali "GB 4" kuwa jibu. GT 730 yenye DDR3 ya njia ya biti 64 inaweza kuwa na GB 4 zilizoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi, lakini inasafirisha takribani GB 14 kwa sekunde, chini ya RAM mbili za DDR4 ulizo nazo tayari. GT 1030 ina matoleo mawili yenye jina moja: la GDDR5 lina GB 48 kwa sekunde, la DDR4 halifiki 17. RX 580 nayo ina toleo la viini 2048 lililokuja kupitia soko la China, wakati RX 580 kamili ina 2304.

Zipo pia kadi bandia. Kadi ya kizazi cha zamani sana hubadilishiwa programu yake ya ndani ili ijitambulishe kama GTX 1050 Ti. Windows inaamini. Nenda na flashi yenye GPU-Z; ni programu ndogo, haihitaji kusanikishwa, na tangu 2018 inaandika wazi neno "FAKE" inapokuta ulaghai wa namna hiyo. Muuzaji mkweli hatakunyima dakika 5 za kuchomeka flashi. Akikunyima, Mtaa wa Aggrey una maduka mengi.

Kadi zilizotumika kuchimba sarafu za kidijitali ziliingia sokoni kwa wingi baada ya Ethereum kuachana na uchimbaji huo Septemba 2022. Sizikatai zote. Ninaangalia feni kama zinayumba, ninanusa kama kuna harufu ya kuungua, na ninaipa kazi nzito kwa nusu saa nikitazama joto.

Jambo la mwisho linahusu siku ya kwanza nyumbani. Umeichomeka kadi, umeweka draiva, umefungua programu yako, na huoni tofauti yoyote. Hasira inapanda, unataka kuirudisha dukani. Kabla hujapanda bodaboda, inama nyuma ya boksi utazame waya wa skrini. Mara nyingi, kwa wale ninaowafuata majumbani kwa malalamiko haya, nakuta waya umechomekwa kwenye tundu la HDMI la mazabodi, pale juu ulipozoea kukaa, na picha yote bado inatoka kwenye grafiksi ya ndani. Uhamishie kwenye tundu la kadi, chini kidogo, lile lililolala.